Vitabu Safi, Visiki Vingi

Miaka ya nyuma nilialikwa kwenye semina ya siku mbili kuhusu utunzaji wa misitu. Siku ya kwanza, hata chai haijaletwa, ikazungushwa karatasi ya mahudhurio yenye safu mbili za sahihi: ya leo na ya kesho. "Saini zote kabisa, ndugu yangu, tusisumbuane," akasema mgawa posho. Nikasaini. Kesho yake sikwenda, wala semina haikuwapo, na posho ya siku mbili ilikuwa mfukoni. Nalisema hili mapema, msomaji asije akadhani nawanyooshea wenzangu kidole nikiwa nimesimama mahali pasafi.

Nimeikumbuka karatasi ile kwa sababu ya kisa kikubwa zaidi. Kuanzia 1994 hadi 2006, Norway iliisaidia Wizara ya Maliasili na Utalii ya Tanzania kuendesha programu ya usimamizi wa maliasili. Msaada huo ulifikia takriban dola milioni 60 za Marekani. Mwishoni mwa 2006 ikaanza kusemwa kwamba huenda nusu ya fedha hizo ilipotea kwa ufisadi na usimamizi mbovu. Eirik Jansen, ofisa wa zamani wa ubalozi wa Norway jijini Dar es Salaam, aliandika juu ya kisa hicho mwaka 2009. Hakuwalaumu wapokeaji peke yao. Aliugeukia pia ubalozi wake: dalili zilionekana, hazikufanyiwa kazi.

Dalili zipi? Ya kwanza ni semina zenyewe. Fedha nyingi ziliishia kwenye mafunzo, warsha, safari na posho. Barabara ikijengwa, mkaguzi ataipima. Kisima kikichimbwa, kitatoa maji au hakitatoa. Lakini semina ikiisha hubaki karatasi ya mahudhurio tu, na namna karatasi hiyo inavyojazwa mimi naijua.

Dalili ya pili ilikuwa msituni. Daraja la Mkapa katika mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, malori yakapata njia ya uhakika ya kwenda kusini. Programu ya kulinda maliasili ikiwa bado inaendelea, magogo ya Rufiji, Kilwa na Liwale yalikuwa yakisombwa. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilikadiria kwamba mapato yaliyopotea yalifika hadi dola milioni 58 kwa mwaka. Ilionyesha pia kuwa mwaka 2004 China iliandika kupokea mazao ya mbao kutoka Tanzania mara kumi ya yale ambayo Tanzania yenyewe iliandika kuyauza nje. Angetokea mtu akaviweka vitabu hivyo viwili mezani, angeuliza: hizo sehemu tisa zilipita mlango gani?

Dalili ya tatu ni haraka ya kutumia. Mfadhili ana bajeti ya mwaka, na isipokwisha ataonekana hakufanya kazi. Mpokeaji naye anataka awamu ijayo. Wote wawili wanafurahi fedha zikitembea, na anayeuliza maswali huonekana mkwamishaji. Mdharau mwiba, guu huota tende.

Aprili 2008, jeraha likiwa bado bichi, Norway na Tanzania zilitia saini makubaliano mengine: krona milioni 500 kwa miaka mitano, kwa ajili ya misitu na tabianchi. Ndipo lilipozoeleka neno MKUHUMI, yaani mpango wa kupunguza hewa ukaa itokanayo na ukataji na uharibifu wa misitu. Fedha za hewa ukaa zinahitaji macho makali zaidi, maana kinacholipiwa ni mti ambao haukukatwa, na mlipaji yuko mbali. Ukimdanganya idadi ya magogo, kuna siku atayahesabu. Hewa ataihesabuje?

Hata hivyo, wapo walioonyesha njia. Katika vijiji vya Kilosa na Lindi, mradi wa TFCG, shirika la kuhifadhi misitu, na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, ulifanya malipo ya majaribio kupitia mkutano mkuu wa kijiji, na wanakijiji wakalipwa mmoja mmoja, hadharani. Mama anayejua jirani yake kapata ngapi na kamati imebakiwa na ngapi ni mkaguzi asiyehitaji posho.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, hasa wewe uliye kwenye kamati ya maliasili ya kijiji, tusingoje wakaguzi wa mbali. Mkataba wa kaboni ukiletwa, tudai usomwe kwa Kiswahili mkutanoni kabla haujasainiwa. Mapato na matumizi yabandikwe ubaoni. Na kabla ya kuidhinisha ripoti inayosema msitu umepona, tuingie msituni tuhesabu visiki.

Nami nina mchango wangu mdogo. Siku hizi karatasi ikinifikia ikiwa na safu ya kesho, naiacha wazi. Wapo walioniambia nina maringo. Nawajibu kwamba kesho nikija nitaijaza, kalamu ninayo.