Mstari Mzima na Mstari wa Vitone: Suala la Ukweli katika Ramani Elekezi

Ramani elekezi ni ile ndogo iwekwayo pembeni mwa maandishi ili kumjibu msomaji swali moja tu: mahali panapotajwa pako wapi? Mwandishi anayezungumzia Mogogosiek, huko Konoin katika Kaunti ya Bomet, huchora umbo la Kenya, akatia nukta moja upande wa kusini-magharibi, na kazi yake ikaisha. Ramani ya namna hii husifiwa kwa uwazi wake. Makala hii inaihoji sifa hiyo. Je, uwazi unaopatikana kwa kuficha shaka ni uwazi, au ni uongo ulionyooshwa kwa rula?

Nukta ya Mogogosiek haina ubishi. Hata hivyo, nukta haisomeki mpaka umbo la nchi lichorwe, na umbo hilo limebeba madai. Katika pembe ya kaskazini-magharibi, mchoraji hukabiliwa na Ilemi, eneo linalogombaniwa baina ya Kenya, Sudan Kusini na Ethiopia. Hati ya mpaka ya mwaka 1914 iliweka huko mstari ulionyooka, au mstari ambao ungeyazingatia malisho ya jadi ya Waturkana. Mwaka 1938 ukapimwa mstari mwingine, maarufu kwa jina la Mstari Mwekundu, uliopanda kaskazini zaidi ili malisho hayo yawe chini ya usimamizi wa Kenya. Kukubali kwamba nchi fulani isimamie eneo si sawa na kukubali kwamba eneo hilo ni lake, na utata wote wa Ilemi umo katika tofauti hiyo. Hata ukubwa wa Ilemi hutajwa kuwa kati ya kilomita za mraba 10,000 na 14,000, kwa kutegemea mstari unaofuatwa. Ramani za awali za Kenya ziliuonyesha mpaka huo kwa vitone. Baadaye ramani rasmi zikaanza kuuchora kwa mstari mzima. Anayezilinganisha bila kuijua historia atadhani kwamba shauri lilikwisha, ilhali halijakwisha.

Hapa ndipo mhakiki wa fasihi anapopata neno la kusema. Lugha ya Kiswahili ina njia nyingi za kupima uzito wa kauli: inasemekana, inadaiwa, yamkini, huenda. Msimulizi anayetumia “ni” mahali pa “inadaiwa” amemnyima msomaji nafasi ya kuhukumu. Ramani haina vitenzi. Ina aina za mistari tu. Mstari mzima husema “ni”, na wa vitone husema “inadaiwa”. Aidha, msomaji wa hadithi huweza kumshuku msimulizi kwa sababu anaisikia sauti yake, bali ramani huzungumza kana kwamba haina msemaji. Kwa hiyo dhamana ya mchoraji ni nzito kuliko ya msimulizi.

Yaweza kupingwa kwamba ramani elekezi si hati ya mahakama, na kwamba kuijaza mashaka kutamchanganya mwanafunzi anayetafuta nukta moja. Hoja hii ina uzito, lakini inachanganya wingi wa alama na ukweli wa alama. Kubadilisha mstari mzima kuwa vitone hakuongezi kitu cha kutatiza macho. Eneo linalogombaniwa likipakwa rangi hafifu, na ufunguo ukaeleza kwa maneno machache nani analisimamia na nani analidai, ramani haipotezi uwazi wake. Inapata uwazi wa pili: inaonyesha waziwazi kile kisicho wazi.

Hata hivyo, Mogogosiek yenyewe inaonyesha kikomo cha jibu hilo. Mpaka wenye historia nzito katika nchi hiyo ya chai haumo katika ramani elekezi: ni ule uliotenga ardhi ya walowezi na hifadhi ya Wakipsigis. Leo kuna mashamba makubwa ya makampuni, na kuna vishamba vya wakulima wadogo wanaopeleka majani mabichi kiwandani Mogogosiek. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Watalai, nao wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Mwaka 2022 madai ya Wakipsigis na Watalai kuhusu ardhi waliyonyang’anywa yalifikishwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Ardhi hiyo, basi, inagombaniwa. Lakini haina kitone hata kimoja, kwa kuwa wanaoidai hawana bendera. Vitone ni heshima ambayo dola huzipa dola nyingine.

Haifai kuilaumu ramani ndogo kwa kutobeba kila dai la haki. Kinachofaa ni kutambua kwamba kimya chake kina mpangilio: kinawasitiri wenye hati na kuwasahau waliohamishwa. Mchoraji anadaiwa vitone pale dola zinapozozana. Mwandishi wa maandishi yanayoizunguka ramani anadaiwa zaidi, yaani kuyataja yale ambayo mistari haiwezi kuyasema. Msomaji aliyeonyeshwa Mogogosiek iko wapi, bila kuambiwa ardhi inayoizunguka ilipatikanaje, ameelekezwa, lakini bado hajafika.