Vita Vinapoingia Nyumbani



Fungueni kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 4, mstari wa 4. Ni mstari mmoja tu, umechomekwa katikati ya habari za wakubwa na mauaji yao, hata msomaji wa haraka huupita. Sauli na Yonathani wameuawa vitani. Habari inapofika nyumbani, yaya anamnyakua mtoto wa Yonathani, mwenye umri wa miaka mitano, akimbie naye. Katika haraka ile mtoto anaanguka, anakuwa kiwete. Mefiboshethi hakushika mkuki wala hakuuona uwanja wa vita. Vita vilimfuata mikononi mwa yaya wake, vikakaa naye maisha yake yote.

Mstari huo umenijia kwa sababu ya sinema moja ya Kimarekani, ya zamani lakini yafaa kutazamwa hata leo, iitwayo The Best Years of Our Lives. Ilitolewa mwaka 1946, wakati askari wa Vita Kuu ya Pili walikuwa bado wanazoea kuishi tena makwao. Aliyeiongoza, William Wyler, naye alitoka jeshini akiwa ameharibika sikio moja. Humo hamna mapigano. Wanaume watatu wanarudi mjini kwao, basi. Mmoja anakuta watoto wamekua bila yeye, naye anazidisha pombe. Wa pili anapiga kelele usingizini, na mkewe hana subira naye. Hao nawaacha. Tumtazame wa tatu, Homer, kijana baharia aliyepoteza mikono yote miwili, akapewa kulabu za chuma.

Aliyeigiza sehemu hiyo, Harold Russell, hakuwa mwigizaji. Alikuwa askari mkufunzi, na baruti ilimlipukia mazoezini, huko North Carolina, Juni 6, 1944. Kulabu tunazoziona ni zake kweli. Kwa kazi hiyo moja alipewa tuzo mbili za Oscar.

Homer anajua kuwasha kiberiti kwa kulabu zake; jeshi limemfundisha vizuri. Lakini alipofika nyumbani aliinua mkono kuwapungia wenzake, mama yake akaiona ile kulabu, na kilio kikamponyoka. Hakukosa upendo yule mama! Akina mama mnaosoma haya mwajua: kilio kilitoka kabla hajapata kukizuia. Ila kijana alikwisha kukisikia. Toka siku ile watu wa nyumbani wanakuwa wema mno. Ama wanazikazia macho kulabu, ama wanajitahidi mno wasizitazame, na yote mawili yanamchoma. Wilma, mchumba wake, binti wa jirani, anamkwepa.

Niseme neno gumu kidogo kwa walioumia, nao wanisamehe. Homer alidhani kwamba kumkwepa Wilma ndiko kumpenda, ili amwepushe na mzigo. Lakini hakumwuliza. Alikwisha kumwamulia kwamba hawezi. Hata Mefiboshethi, Daudi alipomwita, alijifananisha na mbwa aliyekufa. Hakuja na tumaini la kuketishwa mezani pa mfalme.

Usiku mmoja Wilma anamweleza kwamba wazazi wake wanataka aende mbali, apate kumsahau. Ndipo Homer anampeleka chumbani mwake, aone. Anavua mikanda ya kulabu. Bila hizo, asema, mlango ukijifunga hawezi kuufungua. Ni kama mtoto mchanga anayelia aletewe kitu. Kila usiku ni baba yake anayemsaidia. Wilma hatoi hotuba. Anamfunga vifungo vya nguo ya kulalia, anamfunika, anambusu. Homer analala pale na chozi linamtoka.

Nilipoona hayo nilikumbuka jioni ile wanafunzi walipojifungia ndani kwa hofu. Bwana aliwaonyesha mikono yake. Alikuwa amefufuka katika utukufu, na makovu yalikuwapo, wala hakuyaficha.

Nasi tunao wetu. Wako waliorudi kutoka Burma mwaka 1945 na vikosi vya King's African Rifles, wakazeeka kimya kimya. Wako waliorudi kutoka Uganda mwaka 1979, baada ya vita vya Kagera. Tunawauliza habari za vita, hasa vijana wetu wapendao masimulizi. Mara chache humwuliza mke wa mtu kama huyo analalaje usiku. Au tunamjua yule asiyekuja tena kanisani, tunasema ni mlevi, yamekwisha.

Mwezi Novemba, Jumapili ya Kumbukumbu, tutasoma majina ya waliokufa, kama ilivyo desturi. Tutakapokwisha, nitaomba tukae kimya mara ya pili, kwa ajili ya wale wasiosomwa popote: akina baba, wake na watoto wanaofunga vifungo vya mtu mwingine kila usiku kabla ya kuzima taa.