Saa ya Kijana Mkononi mwa Mzee

Masomo: Mwanzo 33:12-14, 2 Samweli 19:31-39, Yohana 20:1-10



 Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo lililotokea uwanjani mwa kanisa baada ya Ibada. Twalizungumza kwa sababu sisi wenyewe tulikosa ndani yake, na kosa la waziwazi yafaa liungamwe waziwazi.

Kijana wetu mmoja alirudi kutoka mjini amevaa saa ya mkononi ya siku hizi, ile inayohesabu hatua na mapigo ya moyo. Saa hiyo hutoa pia namba moja ya kupima nguvu za moyo na mapafu. Vijana waliipenda sana. Jumapili ile wakaanza kupokezana: huyu avae, azunguke uwanja mbio kwa robo saa, namba yake isomwe; kisha mwingine. Mmoja alipata 52, mwingine 47, na kila namba ilishangiliwa. Hapo si pabaya. Mchezo wa vijana ni furaha ya kanisa.

Kisha wakamwita katekista wetu mzee. Ana miaka 67, na kwa miaka mingi amekwenda kwa miguu kila juma kuwatazama Wakristo wa mitaa ya mbali, jua liwepo au upepo wa kwetu uwepo na vumbi lake. Wakamvisha saa, akazunguka uwanja kwa mwendo wa haraka. Namba ikatoka ndogo, na kando yake neno la kusema kwamba hali yake ni hafifu. Mmoja akasema, "Babu, moyo umeshachoka huo, uache upumzike." Watu wakacheka. Na sisi wazee wa kanisa tuliosimama pale, tulicheka pamoja nao.

Mzee aliivua saa, akairudisha kwa mikono miwili, akaaga. Juma lile hakwenda mitaani. Juma la pili hakwenda. Tulipomwuliza, alijibu kwa upole, "Si mmesema moyo umechoka?" Na kumbe huko alikokuwa akienda, alikuwako mama mmoja mgonjwa aliyelala kitandani, ambaye kwa majuma mawili aliuliza kila jioni kama mwalimu amefika. Hayo ndiyo matunda ya kicheko chetu.

Hebu tuitazame kwanza hiyo namba, maana mtu asiyejua kitu hukiogopa bure au hukiamini bure. Namba ile inakusudia kuonyesha ni mililita ngapi za oksijeni mwili unaweza kuzitumia kwa dakika moja, kwa kila kilo ya uzito wa mtu, anapofanya kazi kwa nguvu zake zote. Wataalamu wakitaka kuipima hasa, humfunika mtu kinywa na pua kwa kifaa cha kupimia pumzi, naye hukimbia juu ya mashine mpaka nguvu zimwishie. Saa ya mkononi haifanyi hivyo. Yenyewe humulika ngozi kwa mwanga, ihesabu mapigo kwa jinsi damu inavyopita, ilinganishe mapigo hayo na mwendo wa mtu, kisha ikisie. Na ili ikisie, hutegemea mambo ambayo mwenyewe ameiambia: umri wake, uzito wake, na kama ni mwanamume au mwanamke.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Jioni moja kijana mwenye saa alikuja kwetu amejaa haya. Alikuwa ameketi kuitazama vizuri, akaona kwamba saa ilikuwa imeandikiwa miaka 24, ambayo ni miaka yake yeye, na uzito wake yeye. Mzee alipoivaa, saa haikujua kwamba mkono umebadilika. Ilimpima kana kwamba ni kijana wa miaka 24, ikamhukumu kama kijana wa miaka 24. Namba ile haikuwa ya mzee, wala haikuwa ya kijana. Haikuwa ya mtu ye yote. Lakini ilitosha kumkalisha mtumishi wa Mungu nyumbani.

Ndugu zangu, twajifunza nini?

Kwanza, kila umri una kipimo chake. Moyo wa binadamu unapozeeka, idadi ya juu ya mapigo yake hupungua, hata kwa mtu mwenye mazoezi. Namba tunayoizungumza nayo hushuka. Kwa watu wasiojishughulisha hupungua kama sehemu moja ya kumi kwa kila miaka kumi, tangu umri wa miaka thelathini hivi. Kwa watu wanaotembea, wanaolima na kuchota maji, hushuka pole pole zaidi. Kwa sababu hiyo majedwali yanayotumika katika saa hizi hugawa watu kwa umri. Chukua namba 37. Kwa mwanamume wa miaka 25 huhesabiwa kuwa dhaifu. Kwa mwanamume wa miaka 67, namba hiyo hiyo huhesabiwa kuwa nzuri. Namba ni moja, na hukumu ni mbili. Basi ikiwa hata chombo kilichotengenezwa na watu kinajua kwamba haifai kumpima babu kwa kipimo cha mjukuu, je, sisi tuliobatizwa tutakosaje kujua?

Maandiko yalijua hayo zamani. Kalebu alikuwa na miaka 85 alipomwambia Yoshua kwamba nguvu zake zi sawa na siku ile Musa alipomtuma, naye akaomba apewe nchi ya milima aipiganie. Barzilai alikuwa na miaka 80, mdogo kwa Kalebu kwa miaka mitano, naye alimwambia mfalme Daudi kwamba hawezi kufuatana naye Yerusalemu. Ladha ya chakula imemwishia, hata sauti za waimbaji hazisikii vema. Je, Daudi alimcheka? Alimbusu, akambariki. Maandiko hayakumwambia Barzilai, "Mtazame Kalebu." Kila mmoja alihesabiwa kwa aliyoyatenda kwa kadiri ya nguvu alizokuwa nazo.

Pili, namba haisemi habari yote ya mtu. Sisi wa Ikungi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa mbio. Alphonce Simbu, mzaliwa wa wilaya yetu hii, alikimbia marathoni ya mashindano ya dunia mjini London mwaka 2017, akiwa na miaka 25, akapata medali ya shaba. Tarehe 15 Septemba 2025, akiwa na miaka 33, alikimbia tena katika mashindano ya dunia mjini Tokyo, akapata dhahabu, Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha. Mara zote mbili alitumia saa 2 na dakika 9 na sekunde kadhaa. Muda ulikuwa karibu ni ule ule. Siku moja ulileta shaba, siku nyingine dhahabu. Na huko Tokyo, yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, hata ikabidi itazamwe picha ya mwisho wa mbio ili mshindi ajulikane. Ukisoma namba peke yake, hutajua nani alishinda. Itakuwaje basi tuitumie namba peke yake kujua ni nani bado anafaa katika shamba la Bwana?

Tatu, na hili ndilo kubwa, katika Kanisa aliye mwepesi humngojea aliye mzito. Asubuhi ya Ufufuo wanafunzi wawili walikimbia kwenda kaburini. Petro alikuwa mmoja, na yule mwingine mapokeo ya Kanisa humtaja kuwa ni Yohana, tena kijana. Injili haifichi ya kuwa huyo mwingine alimpita Petro mbio, akafika kwanza. Lakini tazameni alivyofanya alipofika. Aliinama, akachungulia, asiingie. Petro akafika nyuma yake, akaingia. Ndipo na yule aliyetangulia naye akaingia, akaona, akaamini. Kama wangalikuwa na saa za mkononi, zingaliandika namba mbili zilizo mbali. Kaburi lilikuwa moja, nalo lilikuwa tupu kwa wote wawili.

Yakobo naye, alipokutana na Esau ndugu yake, aliambiwa wafuatane. Akaomba atangulie Esau, maana yeye ana watoto wadogo, na mifugo inayonyonyesha, na ikiharakishwa kwa siku moja tu, kundi lote litakufa. Akachagua kwenda pole pole, kwa mwendo wa wanyama na wa watoto. Sisi wafugaji twalielewa neno hili bila mfafanuzi. Mchungaji wa ng'ombe hapimwi kwa mbio zake mwenyewe. Hupimwa jioni zizini, kwa kuhesabu waliofika.

Sasa tuwasimulieni mwisho wa habari. Tulikwenda nyumbani kwa katekista, sisi wazee pamoja na yule kijana, tukamwomba radhi. Kijana akamwambia kwamba ataiandika saa upya, kwa umri na uzito wa mzee, ili namba ya kweli ionekane. Mzee alikataa. Alisema, "Sitaivaa. Lakini ukitaka kuujua moyo wangu, twende wote Jumatano."

Wakaenda, kijana amevaa saa yake. Aliporudi alitueleza kwamba katika njia ile, kati ya mashamba ya alizeti na ya mtama, mzee alisimama mara kumi na moja. Alisimama kwa mjane mmoja kumwuliza habari za mbuzi wake. Alisimama kwa watoto wanaoswaga punda wa maji, akawauliza kama shuleni walikwenda. Alisimama kwa nyumba mbili zisizosemezana, akaketi kitambo katika kila moja. Akafika kwa yule mama mgonjwa, akapiga magoti, akasali, akakaa mpaka usingizi ulipomchukua mama. Na kila aliposimama, saa ilidhani kwamba safari imekwisha. Iliandika hayo yote kuwa ni mapumziko. Kijana alisema, "Saa yangu haikuiona hata kazi moja aliyoifanya."

Ndugu, hatusemi kwamba saa hizi ni mbaya. Mtume Paulo alimwandikia Timotheo kwamba mazoezi ya mwili yana faida kidogo, na utauwa una faida kwa mambo yote; lakini hata iliyo kidogo aliiita faida. Mwenye saa na aitumie vizuri. Na aiandikie umri wake wa kweli. Ajilinganishe na yeye mwenyewe wa miezi iliyopita, asijilinganishe na jirani. Na mtu akiona namba yake inashuka ghafula, au hata kama hana saa, akiona pumzi zinamkatika kwa kazi aliyoizoea, au kifua kinauma, au miguu inavimba, asisubiri wala asione haya. Aende kituo cha afya akapimwe moyo na shinikizo la damu. Saa si daktari. Wala kicheko cha watu si dawa.

Na je, kama namba ya mzee wetu ingalikuwa ndogo kweli? Siku hiyo yaja kwake, na kwetu sote, tukijaliwa umri. Siku hiyo wajibu wetu hautakuwa kumwambia apumzike kisha tuondoke. Utakuwa kumchukulia mfuko wake, kumpeleka kwa baiskeli, na mwisho kumwendea yeye nyumbani kama alivyotuendea sisi. Tangu Jumatano ile vijana watatu wamejiandikisha kufuatana naye kwa zamu. Twawasihi wengine waongezeke. Wazee, msiwazuie vijana kutangulia. Vijana, mkifika kwanza mlangoni, ngojeni.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyezihesabu siku zetu kabla hatujazaliwa, utusamehe pale tulipowapima ndugu zetu kwa kipimo kisicho chao. Uwape vijana wetu nguvu pamoja na subira. Uwape wazee wetu faraja, wajue kwamba kazi yao mbele zako si bure. Utufikishe sote nyumbani kwa mwendo wa aliye wa mwisho kati yetu, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.