Kutii Kanuni na Kujua Sababu

Yako maswali yaonekanayo kuwa ya hesabu tu, kumbe ndani yake mna swali la tabia. Mojawapo ni hili: je, mtu atiiye kanuni asiyoijua sababu yake ametenda vema, au amebahatika tu? Nakuomba, msomaji, tulipime swali hili katika aljebra, kwa kuwa nambari hazina upendeleo wala hazioni haya kumkosoa mtu.

Tazama mlinganyo huu: 3ˣ × 9 = 243. Tarakimu ndogo ikaayo juu huitwa kipeo. Tisa ni 3², na 243 ni 3⁵. Kanuni yasema kwamba nambari moja yenye vipeo mbalimbali ikizidishwa, vipeo hujumlishwa. Basi upande wa kushoto ni 3ˣ⁺², na wa kulia ni 3⁵. Kwa hiyo x + 2 = 5, na x ni 3. Rudi uhakikishe: 27 × 9 = 243.

Tuseme wanafunzi wawili wamelipata jibu hili. Wa kwanza aliikariri kanuni. Wa pili alijiuliza sababu, akaandika 2³ × 2⁴ kwa urefu: 2 × 2 × 2, kisha 2 × 2 × 2 × 2, akaona mbili saba zimejipanga safu moja. Alama zao ni sawa. Je, elimu yao ni sawa?

Mpe wa kwanza 2³ + 2⁴. Mkono wake umezoea kujumlisha vipeo, naye ataandika 2⁷, yaani 128. Lakini 8 na 16 ni 24. Kanuni haikumdanganya, yeye ndiye aliyeivusha mpaka wake. Muulize 2⁰ ni ngapi: atajibu sifuri, ama atajibu moja kwa kuwa aliambiwa hivyo. Wa pili atakumbuka kwamba katika kugawanya vipeo hutolewa. 2³ ÷ 2³ ni 2⁰, na 8 kugawanywa kwa 8 ni 1. Yeye hakuamrishwa, ameona.

Hata kule kusema kwamba pande zikiwa sawa vipeo navyo ni sawa kuna mpaka. 1³ ni sawa na 1⁵, lakini nani atathubutu kusema kwamba 3 ni 5? Moja hata ukiizidisha kwa moja mara nyingi haibadiliki, kwa hiyo haitoi ushahidi wa kipeo chake. Tatu hukua kila izidishwapo. Ndiyo sababu tuliweza kuiamini.

Labda utasema kwamba maisha ni mafupi, na kwamba mtoto hukatazwa moto kabla hajajua kuungua. Ni kweli. Utii ni mlango wa elimu, na si aibu kupitia hapo. Aibu ni kukaa mlangoni maisha yote. Atiiye bila kujua sababu hawezi kuitetea kanuni njema wala kuipinga iliyo mbaya. Leo ameshika vipeo. Kesho huenda akawa karani, hakimu au mzazi, ashike sheria juu ya wenzake, na kosa lake huko halitafutika kwa kifutio.

Neno aljebra lilitoka katika jina la kitabu cha Kiarabu kilichoandikwa na Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, mtaalamu wa Baghdad wa karne ya 9. Al-jabr ni kurudisha mahali pake kilichovunjika, kama aungavyo mtu mfupa. Aungaye mfupa havuti kwa sababu ameambiwa avute. Hana budi kujua ulivyokaa ulipokuwa mzima. Nawe, ukifika mwisho wa hesabu yako na jibu likawa sahihi, usifunge daftari upesi. Jiulize kwanza: nikinyang'anywa kanuni hii leo, naweza kuijenga tena kwa akili yangu? Ukiweza, jibu ni lako. Usipoweza, umeliazima tu.