Nani Alimjua Akiwa na Miaka 14?

Wanafunzi wawili wa zamani wa shule ya Tabora walifia London, wakapishana miaka miwili tu. Oscar Kambona alifariki Julai 1997. Julius Nyerere akafuata tarehe 14 Oktoba 1999, katika Hospitali ya St Thomas', ng'ambo ya mto kutoka kwenye Bunge la Waingereza. Huyu wa pili ana siku yake ya mapumziko kitaifa kila mwaka. Yule wa kwanza, vijana wengi wa leo hata jina lake hawalijui, ingawa ndiye waziri aliyekwenda kuzungumza na askari walioasi Januari 1964, Rais Nyerere akiwa mafichoni. Mwaka 1967 walikosana, Kambona akaja huku London, na miaka 25 ikapita kabla hajakanyaga tena nyumbani.

Nimekuwa nikiwafikiria hao wawili tangu sisi wachache tuliosoma shule moja ya bweni, na ambao maisha yametuleta Kingsbury na mitaa ya jirani, tuanze kupanga kumbukumbu ya wenzetu waliotangulia. Ukumbi ulipatikana karibu na Kingsbury Road. Pilau haikuwa na mjadala. Sheikh angesoma dua, mchungaji angeomba, na hakuna aliyeuliza nani aanze, maana hata shuleni Ijumaa na Jumapili zilikaa vizuri kwenye ratiba moja. Ugomvi ulikuja kwenye karatasi ya majina. Baadhi walitaka tuanze na wakubwa: jaji, kanali, meneja wa benki. Waliobaki wafuate chini kwa herufi ndogo, na wale ambao hatuna habari zao za kutosha waingie kwenye "na wengineo".

Hiyo "na wengineo" niliikataa. Bwenini hakukuwa na wengineo. Kulikuwa na kitanda cha juu na cha chini, tranka lenye kufuli, ndoo iliyoandikwa jina kwa rangi, na mwalimu wa zamu aliyetaka kila mmoja aitike mwenyewe. Mtoto wa mkuu wa mkoa na mtoto wa mkata mkonge walikimbia mchakamchaka mmoja alfajiri, wakapanga foleni moja ya maharage. Haikuwa pepo, najua. Njuka, yaani wanafunzi wapya, walionewa, na mwenye biskuti alikuwa na marafiki wengi kuliko asiye nazo. Lakini vyeo vya ukubwani vilikuwa bado havijafika, na hatuna sababu ya kuvirudisha nyuma vikawapange marehemu upya.

Aliyetumalizia ubishi ni mjane wa mwenzetu mmoja. Alikuja kikaoni kuuliza kama wanawe, waliozaliwa hapa, wanaweza kuhudhuria. Mwenyekiti wetu akaanza kumweleza jinsi marehemu alivyokuwa mchapakazi na mtu wa watu. Mama akamkatiza kwa upole: "Shemeji, hayo nayajua, nimeishi naye. Mimi niambieni alikuwa mtoto wa namna gani." Mmoja akasema aliogopa chura kupita kiasi. Mwingine akakumbuka kwamba alifundisha nusu ya bweni hesabu za logi, na malipo yake yalikuwa sukari, kijiko kimoja kwa kila swali. Mama alicheka hadi akavua miwani. Katika ndoa yao yote hakuwahi kusikia habari za sukari.

Hilo ndilo jambo ninalotaka kulisema. Mtoto anayekwenda bweni akiwa na miaka 13 au 14 anatoka machoni pa wazazi wake. Mama anamwona likizo, na kila likizo anarudishiwa mtu aliyebadilika kidogo. Mke atampata baadaye, akiwa ameshaumbika. Miaka ile ya katikati, sauti inapovunjika na tabia inaposhika, mashahidi wake ni wale waliolala naye chumba kimoja. Wakiondoka wao, hakuna pa kuuliza tena. Cheti kitasema tu kwamba alipata daraja la pili.

Hata Mwalimu Nyerere, ambaye vitabu juu yake vinajaza kabati, tunaujua utoto wake kwa masimulizi ya namna hiyo. Aliingia Tabora mwaka 1937, kwenye shule ambayo Waingereza waliikusudia hasa kwa wana wa machifu. Aling'ara katika chama cha midahalo. Walimu wakampendekeza awe kiranja mkuu, na mwalimu mkuu akakataa akisema kijana huyo ni mpole mno kwa kazi hiyo. Mimi naona sentensi hiyo moja inamweleza kuliko hotuba kumi za maadhimisho. Inatoa nafasi hata ya kuuliza upole ule ulikwenda wapi baadaye, kwa mfano ndugu wawili wa Kambona walipowekwa kizuizini.

Kambona naye alikuwa mtoto wa padri kutoka ufukoni mwa Ziwa Nyasa, na baba yake hakuweza kulipa karo ya shule ya Alliance, Dodoma, alikosoma kabla ya Tabora. Mwenyewe alisimulia kwamba alimshawishi askofu Mwingereza amlipie kwa kumsomea Sala ya Bwana kwa Kiingereza, bila kukwama. Nikimfikiria mtoto huyo amesimama mbele ya askofu, kesi ya uhaini ya mwaka 1970, ambamo naye alitajwa, inakaa pembeni kidogo. Haifutiki, wala sidai ifutwe.

Sasa nije kwenye lililo gumu. Tulipopanga majina kwa mwaka wa kuingia kidato cha kwanza, tuliona pengo. Waliotutangulia kwa miaka mingi wamekufa uzeeni, kama inavyotarajiwa. Rika letu wamekufa katika miaka ya 1990, wengi wakiwa hawajafika 40. Kwenye matangazo yote ya wakati ule maneno ni yaleyale: "baada ya kuugua kwa muda mrefu". Tunajua walichougua. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na mpango wa taifa wa kugawa dawa za kufubaza virusi ulianza mwaka 2004. Katikati hapo ndipo walipokwenda wenzetu: walimu wapya, maofisa mikopo, madaktari wawili. Aibu ya wakati ule ilifanya familia zizike haraka na kuzungumza kidogo. Matokeo yake ni kwamba hao ndio tunaowajua kidogo kuliko wote, na ndio waliokuwa na watoto wadogo. Watoto hao leo ni watu wazima, na wapo wasio na sentensi hata moja juu ya baba zao.

Halafu wapo ambao hawakupata kuitwa "wa zamani". Shauritanga, Rombo, mwaka 1994, zaidi ya wasichana 40 waliungua bwenini. Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wavulana 67. Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, watoto 21. Shule yoyote iliyofiwa na wanafunzi wake ikiitisha kumbukumbu bila kuwaweka kwenye orodha, itakuwa inahesabu vyeti.

Hapa Brent, wilaya yetu ya London, tuna deni jingine. Masika ya 2020 wilaya hii ilikuwa miongoni mwa zilizopigwa vibaya zaidi na korona Uingereza nzima; Northwick Park, hospitali tunayoitegemea, ilielemewa tangu Machi. Tulizika kwa kuhesabu vichwa, wengine tukitazama jeneza kwenye simu. Hakuna aliyesimama kusema lolote la maana, kwa kuwa dakika zilikuwa za kugawana.

Kingsbury ni mahali pazuri pa kulipa deni hilo, kwa kuwa nusu ya wakazi wanaelewa hali ya kuacha daftari nyuma. Kwenye mgahawa ninakonunua mogo, muhogo wa kukaanga kama wa Nairobi, kuna mzee Mhindi aliyefukuzwa Kampala mwaka 1972. Iddi Amin aliwapa siku 90. Anasema darasa lake sasa liko Leicester, Toronto na makaburini, na kila akipata habari ya kifo anampigia simu aliyebaki, wanasimuliana juu ya marehemu mpaka salio linakwisha. Yeye hahitaji kamati. Na ukishuka upande wa pili utakuta kanisa la St Andrew, lililobomolewa katikati ya London na kujengwa upya hapa, jiwe kwa jiwe, miaka ya 1930. Wenzetu walihamisha kanisa zima. Sisi tunalemewa na orodha.

Karatasi yetu hatimaye imepangwa kwa mwaka wa kuingia shule. Jaji yuko kati ya fundi wa redio na kijana aliyeacha shule kidato cha tatu. Kanali alinuna, kwa maana ya nduguye anayeishi Wembley, kisha akazoea.

Wewe msomaji uliyelala bweni, popote ulipo, mwandikie mwenzako mmoja wiki hii. Taja marehemu mmoja, mwaka aliofika shuleni, bweni lake, na jambo moja alilolifanya akiwa mtoto ambalo mkewe au mumewe hawezi kulijua. Nakala wapelekee watoto wake. Na mkiandika alichokufa nacho, andikeni cha kweli, ila kwanza waulizeni wanawe kama wako tayari.