Ukuta Baina ya Majirani Wawili

 

Ndugu yetu mmoja, mtu wa pwani afanyaye kazi katika mashamba ya chai huko bara, baina ya Kericho na Bomet, ametuletea swali ambalo tumeona lafaa kujibiwa mbele ya watu wote. Asema kwamba nyumba aliyopewa na mwenye shamba ni chumba katika safu ya vyumba, zile ziitwazo laini, na ukuta mmoja ndio umtengao na jirani yake. Yeye hufanya kazi ya usiku kiwandani. Arudipo asubuhi ili alale, jirani huwasha redio. Auliza: Je, yafaa aujengee ukuta huo ukuta wa pili ili kuzuia sauti? Gharama ni juu ya nani? Na je, yafaa amlipe jirani kwa mfano wa atendalo?

Huenda msomaji aliye Mombasa au Lamu akaliona jambo hili ni dogo. Nyumba zetu za kale zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na unene wa ukuta wakaribia nusu mita. Jirani akikohoa husikii. Ama chumba cha ndugu yetu ukuta wake ni mwembamba, paa lake ni mabati, wala ukuta haufiki paani, hata maneno ya chumba hiki huruka juu yakaangukia chumba cha pili. Nchi ile ni ya mvua nyingi, na mvua ya mawe si mgeni kwao. Ikipiga mabati, kila mtu hupandisha redio yake apate kuisikia. Mvua ikikatika, hapana akumbukaye kuishusha. Na kiwanda cha chai hufanya kazi usiku na mchana, kwani jani lililochumwa halingoji: sharti linyaushwe, lisagwe, liachwe ligeuke rangi, kisha likaushwe kwa moto. Basi katika laini moja hukaa alalaye usiku na alalaye mchana, Mkipsigis na Mkisii na Mluo na Muislamu wa pwani, na usingizi wa kila mmoja umo mikononi mwa mwenziwe.

Wako wadhanio kwamba kumuudhi jirani ni kumtukana au kumwibia tu. Sivyo. Mtume (s.a.w.) aliapa mara tatu kwamba hana imani yule ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake, wala hakubagua shari ya mkono na shari ya sauti. Na katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 36, tumeamrishwa kumtendea wema jirani aliye wa karibu na aliye wa mbali. Wala asiseme mtu kwamba jirani yake si Muislamu. Abdullah bin Amr (r.a.), alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, la kwanza aliloliuliza ni kama jirani yao Myahudi amepelekewa sehemu yake.

Sasa tuje kwenye ukuta wenyewe. Wanavyuoni wetu hawakuuacha bila ya hukumu. Imamu Nawawi katika Minhaj, katika mlango wa sulhu, ameeleza kwamba ukuta wa shirika hapana mmoja awezaye kupigilia kigingi ndani yake, wala kufungua dirisha, ila kwa idhini ya mwenziwe. Ama kuuegemea, na kuegemeza chombo kisichoudhuru, ni halali kwa wote wawili. Na ukibomoka, kwa kauli mpya ya Imamu Shafii, mshirika halazimishwi kutoa mali ya kuujenga. Lakini mwenye kutaka kuusimamisha kwa vifaa vyake mwenyewe hazuiwi. Tazameni basi: ikiwa kigingi kimoja chataka idhini, itakuwaje sauti ipenyayo ukuta mzima mchana kutwa?

Lakini ukuta wa ndugu yetu si wake wala si wa jirani yake. Ni wa mwenye shamba, na wao wawili wamekaa humo kwa amana ya kazi yao. Kwa hiyo idhini yatakiwa kwa mwenye nyumba, tena kwa maandishi. Na kwa maoni yetu, tengenezo hili ni juu ya mwenye nyumba kwanza, kwani yeye ndiye aliyejenga ukuta mfupi kisha akawapanga watu wa zamu mbili bega kwa bega. Akikataa, na ndugu yetu akapewa ruhusa, basi gharama ni yake, wala hana haki ya kumdai jirani hata senti moja.

Atakayejenga na ajue ajengalo, asije akapoteza mali. Trei za mayai na sponji zibandikwazo ukutani hupunguza mwangwi wa ndani ya chumba tu; haziizuii sauti kupita. Sauti huzuiwa na uzito, na hupita penye upenyo. Ukuta wenye upenyo wa sehemu moja kwa mia ya eneo lake haukati zaidi ya desibeli 20 hivi, hata ukiwa wa jiwe zito namna gani. Basi kazi ya kwanza ni kuuinua ukuta mpaka paani na kuziba kila tundu kwa saruji. Baada ya hapo ndipo ufikiriwe ukuta wa pili wa mbao, uliosimama peke yake bila ya kuugusa ule wa kwanza, na nafasi baina yao ijazwe pamba ya kuzibia.

Ama kugonga ukuta, au kuwasha redio kubwa kuliko ya jirani, haifai. Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru, na amekataza kulipa dhara kwa dhara. Serikali nayo, katika kanuni zake za mwaka 2009 za kuzuia kelele, imeweka mpaka wa desibeli 45 mchana na 35 usiku ndani ya nyumba za kukaa. Mahali pa ibada pamewekewa 40 na 35.

Twalitaja hilo la ibada kwa makusudi. Ndugu yetu ameandika, kwa kupita tu, kwamba siku zake za mapumziko huweka kisomo cha Qur'ani kwa sauti kuu saa nzima kabla ya Alfajiri, "ili nyumba ipate baraka." Na jirani yake, je, ambaye saa hiyo ndiyo yake ya kulala? Mtume (s.a.w.) alikuwa katika itikafu akawasikia watu wakisoma kwa sauti kubwa, akafunua pazia, akawakataza wasiudhiane wala wasishindane kwa sauti katika kusoma. Nao walikuwa msikitini, wakisoma maneno ya Mwenyezi Mungu! Twawaambia hayo pia wale wa miji yetu wafungao vipaza sauti juu ya mapaa wakasoma na kuhutubu usiku kucha. Adhana ni haki, nayo ni fupi. Hayo mengine hayakuamrishwa kupelekwa katika kitanda cha mgonjwa.

Kwa hiyo aanze kwa kushusha redio yake mwenyewe. Kisha amwendee jirani kwa miguu yake, mchana, wakati hapana aliyekasirika, achukue sukari au maziwa, amwonyeshe karatasi ya zamu zake, naye aulize zamu za mwenziwe. Redio zote mbili ziondolewe ukutani, ziwekwe upande wa pili juu ya mkeka. Na zamu zikibadilika mwezi ujao, amwambie tena.