Je, Asiyejua Ana Hatia?

Mtu akimdhuru mwenzake bila kujua, je, ana hatia? Wengi watajibu mara moja kwamba hana. Jibu hilo ni la kweli, lakini si ukweli wote. Sehemu iliyobaki twaweza kuiona vizuri tukiwatazama vijana wanaojifunza udaktari.

Mjini Vienna, katika nchi ya Austria, hospitali kuu ilikuwa na sehemu mbili za kuzalishia: moja ya wanafunzi wa udaktari, nyingine ya wakunga. Mwaka 1846, katika sehemu ya wanafunzi walikufa akina mama wapatao 11 katika kila 100. Katika ile ya wakunga hawakufika 3. Mwaka 1847 Daktari Ignaz Semmelweis alitambua sababu yake. Wanafunzi walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuwahudumia wazazi. Aliamuru kila mtu anawe mikono kwa maji yenye klorini, na mwaka 1848 vifo katika sehemu ile vilishuka hata kufikia kadiri ya 1 katika 100.

Je, tuwaite vijana wale wauaji? Hasha! Walikuja kuponya, wala hakuna aliyekuwa amewafundisha. Lakini wako madaktari wakubwa walioletewa habari hiyo wakaikataa, nao walizidi kufanya kama zamani. Hao hawawezi kuhesabiwa pamoja na vijana wale. Kutokujua ni jambo moja. Kukataa kujua ni jambo jingine kabisa.

Leo tunajua zaidi. Yuko bakteria aitwaye stafilokokasi, ambaye hupenda kukaa puani. Katika kila watu 100 wenye afya, kama 30 humchukua bila maumivu wala dalili yoyote. Mwanafunzi wa udaktari naye aweza kuwa mmoja wao. Ajigusa pua, kisha afunga kidonda cha mgonjwa; na bakteria yule, aliyekuwa mpole puani, akiingia katika kidonda au katika damu aweza kuua. Kweli wahenga walisema: Kikulacho ki nguoni mwako.

Tena bakteria huyu amejifunza kushindana na dawa. Penisilini ilipoanza kutumika ilimwangamiza, lakini wale wachache walioweza kuistahimili walibaki, wakazaana, wakaenea mahospitalini. Mwaka 1959 ililetwa dawa mpya, metisilini; kabla ya mwisho wa mwaka 1961 madaktari wa Uingereza walikuwa wamekwisha kuwaona bakteria wasioiogopa. Wataalamu wamekadiria kwamba mwaka 2019 watu 1,270,000 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria wa namna mbalimbali walio sugu kwa dawa.

Basi, tuseme nini juu ya kijana huyu? Kwanza, kuwa na bakteria puani si kosa wala aibu. Wakubwa wake wasimnyoshee kidole wala kumtenga kwa dharau, maana anayeaibishwa hujifunza kuficha, na mficha maradhi kilio humfichua.

Pili, kwa kuwa amekwisha kufundishwa, hawezi tena kusema, "Sikujua." Si lazima apimwe ndipo awajibike. Yatosha kujua kwamba yawezekana anachukua kitu cha hatari. Mtu asiyejua kama bunduki ina risasi haielekezi kwa jirani yake, akingoja kwanza kuhakikisha. Vivyo hivyo mwanafunzi yampasa kunawa mikono kabla ya kumgusa kila mgonjwa, hata usiku wa manane asipoonekana na mtu. Mgonjwa aliyelala hana njia ya kuikagua mikono hiyo. Hutegemea dhamiri ya mwenye kumhudumia.

Lakini tusiwaachie wanafunzi peke yao mzigo huu. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alipokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, na katika hotuba yake alitoa mfano wa bwana mmoja na mkewe. Bwana aumwa koo, anunua penisilini mwenyewe, atumia kidogo isiyotosha kuwaua bakteria, bali yatosha kuwazoeza dawa. Kisha amwambukiza mkewe. Mke apata homa ya mapafu, apewa penisilini, isimfae kitu, afariki. Fleming aliuliza: Nani hasa ana lawama ya kifo hicho? Akajibu mwenyewe kwamba ni mume.

Nasi twaijua desturi hii majumbani mwetu. Mtoto akohoa, mama apeleka pesa dukani, anunua vidonge vichache bila cheti cha daktari. Homa ikipungua siku ya pili, vilivyobaki vyawekwa kabatini vimngojee mwingine. Hatusemi kwamba mama huyo hampendi mwanawe; ndiyo kwanza ampenda, na mara nyingi ni fedha zilizopungua. Lakini upendo nao una wajibu wa kujifunza. Atafute shauri la mganga kabla ya kununua, na dawa aliyoandikiwa mtoto itumike kama ilivyoagizwa.

Asiyejua hana hatia. Lakini wewe msomaji, na sisi tunaoandika, tangu leo hatumo tena katika hesabu ya wasiojua.